Mastaa Wanaotafuta Kiki kwa Machozi ya Wanafunzi

Klipu ya mwanafunzi anayeonewa ikishavuja, wadau wanajua itapita wapi. Inaanzia kwenye simu iliyofichwa bwenini, inaingia kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazazi, na usiku ule ule inatua kwenye ukurasa wa staa mwenye wafuasi milioni na ushee. Dogo amepigishwa magoti, anakula makofi, anaambiwa aombe msamaha kwa kosa ambalo hata hao wanaompiga hawaeleweki wanalisemaje. Sura yake inaonekana mwanzo mwisho. Nembo ya shule kwenye sweta nayo inaonekana. Chini yake staa kaandika: "Jamani inauma, tusambaze mpaka haki itendeke," na vikatuni vitatu vya kulia.

Inauma wapi? Hiyo ni kiki, tena ya bei rahisi, maana haihitaji hata kulipia mpiga picha.

Mtu anayeweza kufuta chunusi zake zote, kupunguza tumbo na kung'arisha meno kabla hajaposti picha moja ya ufukweni, hashindwi kuziba uso wa mtoto. Ni kazi ya dakika mbili. Hawaifanyi kwa sababu klipu iliyozibwa sura haina mvuto, na wao wanaujua mvuto kuliko wanavyomjua huyo mtoto. Wale waliompiga walimdhalilisha mbele ya watu sita chumbani. Staa kamdhalilisha mbele ya nchi nzima, halafu anataka ashukuriwe.

Kinachofuata huko kwenye komenti kila mtu anakijua. "Mbona hajitetei, zoba huyo." "Angekuwa mdogo wangu ningemchapa mimi kwanza." Kesho yake uso wa mtoto akilia umeshakuwa stika, watu wanatumiana wakitaniana kuhusu mshahara kuchelewa. Jumatatu dogo anasimama paredi, na kila aliye mstarini kashaiona. Wengine wanayo kwenye simu nyumbani.

Tena si jambo la watoto wachache. UNESCO walitoa ripoti mwaka 2019 wakaeleza kwamba karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani alikuwa ameonewa na wenzake shuleni ndani ya mwezi uliotangulia. Darasa la watu 45, hesabu mwenyewe. Na wengi hawasemi. Wanaumwa tumbo kila Jumapili jioni, wanapoteza madaftari ambayo kumbe yalichanwa, wanashuka kutoka nafasi ya tano hadi ya thelathini, na nyumbani wanaambiwa wamezidi kuangalia tivii.

Kuna mchekeshaji mmoja, jina kapuni, ambaye ametengeneza ukwasi wake kwa vichekesho vya bweni. Njuka anafika na tranka lake, wakubwa wanamla vitafunwa vyote, wanamfulisha nguo za bweni zima, wanamwamsha saa tisa usiku aimbe wimbo wa shule akiwa amesimama juu ya ndoo. Watu wanacheka hadi machozi. Akiulizwa kwenye mahojiano anasema eti yeye mwenyewe alipitia hayo, yakamkomaza, na leo ametoboa. Sawa, yeye katoboa. Wale walioacha shule kidato cha kwanza muhula wa pili hawaalikwi kwenye mahojiano. Nani atawauliza kama walikomaa?

Hii hoja ya "sisi tulipitia" ndiyo sumu kubwa kuliko zote, kwa sababu inasemwa na watu wanaopendwa. Dogo anayeonewa akimsikia staa wake akisema hivyo anaona kulalamika ni udhaifu. Dogo anayeonea anapata leseni.

Mashabiki wao watatoa utetezi, na una uzito kidogo. Watasema bila kusambaa hakuna anayeshtuka. Ni kweli, mwaka 2016 klipu ya walimu wa mafunzo wakimshambulia mwanafunzi wa sekondari moja jijini Mbeya ilisambaa nchi nzima na hatua zikachukuliwa ndani ya siku chache. Lakini kilichosaidia pale ni wenye mamlaka kuiona. Hawakuhitaji watu milioni waione kwanza, na hawakuhitaji mtu aiwekee muziki wa huzuni kwa nyuma, kama anavyofanya mtangazaji fulani wa kipindi cha asubuhi anayejiita sauti ya wanyonge.

Wanaotaka kusaidia njia zipo, ila hazina lavu nyingi. Namba 116 ya huduma kwa watoto inapigwa bure. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na klipu inaweza kupelekwa huko bila kupita Instagram. Mkuu wa shule ana simu. Na ushahidi haupotei kwa kutopostiwa, unabaki kwenye simu pale pale.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa kumtesa au kumtisha mtu kwa njia ya mtandao, na adhabu yake inaanzia faini ya milioni 5 au jela miaka mitatu. Ila sheria inatazama nia, na hapo ndipo mastaa wanapojificha, wote nia yao huwa njema. Nia njema gani hiyo ambayo ndugu wa mtoto wakiomba klipu ifutwe wanajibiwa waongee na meneja?

Msimu wa mahafali ya kidato cha nne unakuja, na shule zitaanza kuwaalika hao hao waje "kuwapa hamasa" wanafunzi. Watakuja na miwani myeusi, watachelewa saa mbili, watapiga picha na viranja. Walimu wakuu wakiamua kuwaita, basi kabla ya kuwapa maiki wawaombe kitu kimoja tu: wafungue simu zao hapo hapo, washuke hadi kwenye zile klipu za mwaka huu, wazifute watoto wakiwaangalia.