Nafasi ya Wanamuke Haikutoka Ulaya: Jibu kwa Wenye Kusema «Mila Yetu»



Ku mukutano wetu wa mwisho hapa Shituru, muzee moja ambaye namuheshimu sana alisimama akasema maneno mawili. La kwanza: mila yetu inajua mwanaume na mwanamuke, basi, na mabishano yote juu ya nani ni mwanamuke yameletwa na Wazungu. La pili: hata nafasi zenye kuwekwa kwa wanamuke peke yao, ku uchaguzi, ku kazi, ku michezo, nazo ni mambo ya Wazungu, bankambo hawakuzijua. Watu walipiga makofi. Mimi nilinyamaza, juu mutu hamukatize muzee mbele ya watu. Lakini kitabu hiki ni cha sisi wote, njo maana najibu hapa.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, ili mutu asiseme mwalimu anahukumu wengine na yeye anajificha.

Miaka fulani iliyopita nilikuwa nasimamia ekipe ya mupira ya watoto wanamuke ku masomo moja ya hapa muji. Tulikuwa na mutoto moja wa kilasi ya nne, murefu, mwenye mabega, sauti yake nzito kidogo. Alikuwa anakimbia sawasawa na paa. Siku moja tunacheza na masomo ingine, tunawashinda tatu kwa bure, yeye ametia mabao mawili. Watu wakubwa wa upande ule wakashuka kiwanjani: «Huyu hapana mutoto mwanamuke! Mumulete tumuone!» Mupira ukasimama. Wengine wanacheka, wengine wanaokota mawe. Na mimi, mwalimu mwenye diploma, nilisema nini? Nilisema: «Acha bamama babili bamuangalie mu kilasi, maneno iishe.»

Wakamuingiza mu kilasi. Wakatoka wakasema ni mutoto mwanamuke. Mupira ukaendelea, tukashinda. Lakini yule mutoto hakuingia tena kiwanjani siku ile, wala siku ingine yoyote. Nilipoenda kwao kumuomba arudie, mama yake alinijibu mulangoni: «Mwalimu, weye njo ulimutoa nguo.» Sikupata jibu. Mpaka leo sina.

Sasa, wandugu, tuulizane: mila gani ilifanya vile? Ya bankambo? Ya Wazungu? Mimi nasema ilikuwa ya watu waliokuwa wanashindwa mupira na wakatafuta njia. Na njia hiyo haipatikane paka Likasi.

Tuangalie jirani, Zambia, pale karibu ya Kasumbalesa. Wote munajua jina la Barbra Banda. Ku michezo ya Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, alitia mabao matatu mbele ya Uholanzi, na matatu tena mbele ya China. Mwaka uliofuata, 2022, Kombe la Afrika la wanamuke lilichezwa Maroko bila yeye. Federasio ya Zambia ilisema ni juu ya kanuni za CAF za kupima kama muchezaji ni mwanamuke; CAF ikajibu kama siyo yenyewe iliyomutoa. Kila upande ukasukuma mwingine, na mutoto wa watu akabaki nyumbani. Mwaka 2023 alicheza Kombe la Dunia, na mwaka 2024 akachaguliwa muchezaji bora wa Afrika. Alizaliwa mwanamuke, akalelewa mwanamuke. Na bado kila akitia bao, kuna mutu mahali fulani anasema: «Mumulete tumuone.»

Ama Francine Niyonsaba wa Burundi. Ku Rio, mwaka 2016, alikuwa wa pili mu mita 800, nyuma ya Caster Semenya wa Afrika ya Kusini na mbele ya Margaret Wambui wa Kenya. Kisha federasio ya mbio ya dunia ikaweka kanuni mpya, zilizoanza kutumika mwaka 2019: mwanamuke ambaye mwili wake, tangu kuzaliwa, unatengeneza homoni za kiume kupita kipimo, anywe dawa za kuzishusha ao aache mbio za mita 400 mpaka maili. Wale watatu wa Rio wote kanuni zikawafikia. Niyonsaba hakulia mbele ya watu. Alihamia mbio ndefu, na mwaka 2021, ku Zagreb, akavunja rekodi ya dunia ya mita 2000. Annet Negesa wa Uganda hakupata bahati hiyo. Alitolewa mbele ya Olimpiki ya 2012, akapasuliwa, na mwaka 2019 akaeleza dunia namna maisha yake yaliharibika. Federasio ilikana kama njo iliagiza kupasuliwa kule. Lakini mwili ulikuwa umekwisha kupasuliwa.

Hapa nataka musinielewe vibaya. Kuna wenye kusema: basi tuondoe mupaka wote, tofauti ya mwanaume na mwanamuke ni maneno tu. Siko pamoja nao. Mimi ni mwalimu, nafundisha watoto kuhesabu. Usain Bolt alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mwaka 2009. Rekodi ya wanamuke ni 10.49, ya Florence Griffith-Joyner, tangu 1988. Hiyo tofauti haitoke ku uvivu wa wanamuke. Kijana mwanaume akibalehe, mifupa, moyo na misuli vinaongezeka kwa namna ambayo mazoezi hayawezi kulipa. Tukichanganya wote, hakuna mutoto mwanamuke atafika ku fainali. Ndiyo maana mashindano ya wanamuke yapo, na lazima yabaki. Na mutu aliyekwisha kupita ubalehe wa kiume, hata kama leo anajiona na anaishi kama mwanamuke, federasio ya mbio ilimufungia mashindano makubwa ya wanamuke mwezi wa tatu 2023. Kwa mbio za medali naona ni haki. Lakini mutu huyo anabaki mutu: hakuna anayepewa ruhusa ya kumupiga ao kumutukana ku njia.

Ila hapo tunaongea juu ya mambo mawili mbalimbali, na wengi wanayachanganya kwa makusudi. Mutu aliyekua mwanaume ni jambo moja. Mutoto aliyezaliwa akaitwa binti, akabebwa mugongoni kama binti, akachota maji kama binti, halafu siku anashinda tunamwambia «weye hapana binti», hilo ni jambo lingine kabisa. Tangu tarehe 1 mwezi wa tisa 2025, federasio ya mbio inaomba kipimo kimoja mu maisha, kinachochukuliwa ndani ya shavu ao ku damu, kwa kila mwanamuke anayekimbia mashindano ya dunia. Wengine wanafurahi: heri kipimo kuliko macho ya watu. Mimi pia naona ni heri kuliko macho ya watu. Lakini tukumbuke, hata vipimo vilishatumika zamani, na vikaumiza. Mwaka 1985 María José Martínez-Patiño wa Hispania alitolewa mu mbio kwa kipimo cha namna hiyo. Miaka mitatu nyuma wakakubali kama walimukosea, juu mwili wake haukuwa na faida yoyote ya zile homoni. Miaka yake mizuri ilikuwa imekwisha kupita. Basi kipimo ni kazi ya munganga mwenye kujua, mu siri, na mwenye kupimwa apate njia ya kujitetea. Hakiwezi kuwa kazi ya umati.

Sasa narudia kwa muzee wetu na mila.

Muzee, unasema bankambo hawakuweka nafasi ya wanamuke peke yao. Kwa Balunda, ku Musumba wa Mwant Yaav, kuna cheo cha Rukonkesh. Ni mama wa ufalme. Hakipewi mwanaume, hata awe na mali ya namna gani. Na asili ya ufalme wenyewe, wazee wanasimulia, ni Ruwej, mwanamuke aliyeachiwa lukano na baba yake, mbele ya ile bangili kwenda ku mukono wa muwindaji Muluba Chibinda Ilunga. Hiyo ni nafasi ya mwanamuke peke yake, na haikungoja mukutano wowote wa Beijing.

Unasema tena bankambo hawakuwahi kujiuliza juu ya mwanaume na mwanamuke. Kwa Baluba, mulopwe akikufa, roho yake iliingia kwa mwanamuke anayeitwa mwadi. Mwadi alipokea alama za mufalme, hata wake zake, na pahali pa mufalme pakawa kitenta, ambapo mwadi alikaa na kutoa shauri. Mufalme mupya alienda kujenga muji wake mahali pengine. Watu waliinama mbele ya mwadi kama mbele ya mufalme mwenyewe. Je, walisahau kama ni mwanamuke? Hapana. Alichaguliwa mwanamuke, na kila mutu alijua. Bankambo walijua kutenganisha mwili wa mutu na cheo anachobeba, bila kukana kimoja wapo. Kwa hiyo asikuje mutu wa upande mwingine akaniambia: «Unaona, mwadi alikuwa mwanaume!» Naye anamuvalisha mukambo wetu nguo asiyoivaa.

Na kwa Balamba na Babemba, mutoto ni wa ukoo wa mama. Ufalme unapitia kwa dada. Ni mila gani basi inasema mwanamuke hana pahali?

Nitakuambia, muzee, na usikasirike. Ile unayoita mila, nyingi yake ni mila ya kambi. Baba zetu waliandikwa kazi na Union Minière, mu viwanda na mu migodi. Wanamuke waliitwa kambini wafuate bwana, wakafundishwa ku foyer kushona, kupika, kufua na kutunza nyumba kwa namna Muzungu alitaka. Shamba la mama, soko lake, sauti yake mu ukoo, vyote vikapungua nguvu mbele ya poso na mushahara ulioandikwa kwa jina la baba. Kisha tukaja na sheria ya jamaa ya mwaka 1987, iliyomuomba mwanamuke mwenye ndoa ruhusa ya bwana kwa kila tendo la sheria. Wengi walisema ni mila ya Kiafrika. Mamlaka ya bwana ya namna ile yalikuwa mu sheria ya Ubelgiji mpaka mwaka 1958! Wenyewe waliacha, siye tukashika, mpaka sheria ikarekebishwa mwaka 2016. Basi nani anafuata Wazungu?

Leo Katiba ya 2006, mu kifungu cha 14, inataka usawa wa wanamuke na wanaume mu vyombo vya nchi. Sheria ya usawa ilitoka tarehe 1 mwezi wa nane 2015. Sheria ya uchaguzi ya 2022 ikasamehe malipo ya dhamana kwa chama chenye kuweka wanamuke nusu ku liste. Ni vizuri. Lakini tuwe macho: ukiandika jina la bibi yako ao dada yako paka ili usilipe, bila kumupa kampeni wala sauti, haukumupa nafasi. Umemwibia. Na huyo mwizi hakubadilisha mwili wala jina. Ni mwanaume wa kila siku, mwenye tai. Tunapoteza sauti kuogopa mutu moja asiyejulikana aingie ku nafasi ya wanamuke, na hatuoni wanaume wangapi wanaitumia nafasi hiyo kila uchaguzi.

Na ekipe za watoto wetu? Mwaka 2024 wanamuke wa TP Mazembe walichukua kombe la vilabu bingwa vya Afrika, walipowashinda AS FAR moja kwa bure kule Maroko. Siku ile wanaume wote wa Katanga walikuwa mashabiki wa mupira wa wanamuke. Kesho yake, mutoto wa jirani akiomba viatu vya mupira, baba anasema: «Unataka kuwa mwanaume?» Neno hilo njo mbegu. Umati wa kiwanjani ni matunda yake.

Naomba chama chetu kisimame juu ya mambo matatu, na kiyapeleke kwa maprefe na kwa wenye kuongoza michezo ya masomo:

Kwanza, mutoto yeyote asiangaliwe mwili ku kiwanja ao mu kilasi, na mutu yeyote, hata mama, hata mwalimu. Cheti cha kuzaliwa na karatasi ya masomo vinatosha kwa michezo ya watoto.

Pili, mwenye mashaka aandike malalamiko, atie jina lake na sahihi yake, kisha mupira uishe. Ikibaki lazima kuuliza, aulizwe munganga, wazazi wakikubali, na jibu lisitangazwe. Akionekana alisema uongo ili ashinde, ekipe yake ipoteze mchezo.

Tatu, faranga na saa za kiwanja zinazowekwa kwa watoto wanamuke zibaki zao. Zisihamishwe kwa wanaume kila tunapokosa mipira.

Muzee wangu, kama ni mila, hii njo mila ninayoijua: mutoto wa mwenzako ni mutoto wako, na mwili wake ni heshima yako. Siku ile mu kilasi, mimi ndiye niliyeivunja, si Muzungu.

Yule mutoto sasa ni mama wa watu. Nilimuona soko la Kikula, anauza unga. Alinisalimia: «Jambo, mwalimu.» Nikanunua vipimo viwili, nikalipa. Nilitaka kuomba samahani, watu walikuwa wengi. Naiandika hapa.