Mama wakienda sokoni, nani hubaki na watoto Kikorongo?

Msafiri atokaye Mbarara kwenda Kasese hupita Kikorongo, pale barabara ya Bwera inapochepuka kuelekea Mpondwe, kwenye mpaka wa Kongo. Magari husimama hapo, na akina mama huyakimbilia wakiwa na ndizi, mahindi ya kuchoma na maji ya chupa. Nilipokuwa nikisubiri gari la Bwera nilihesabu wauzaji tisa. Watano walikuwa na watoto mgongoni. Niliwauliza wale wanne wengine wamewaacha wapi wao.

Mmoja alisema mwanawe yuko kwa nyanya yake. Wa pili alikuwa amemwachia bintiye wa miaka 9, na siku yenyewe ilikuwa ya shule. Wa tatu humpeleka wake kwa mama mmoja anayelea watoto wa wenzake kwa malipo ya kutwa. Wa nne alicheka, akasema: "Ndugu yangu, wangu ni mkubwa, siku hizi yeye ndiye anayenilea mimi."

Ni yule wa tatu aliyenifanya niandike makala haya, kwa maana sioni wazazi kama yeye wakipungua. Soko la Mpondwe huwaita wanawake tangu alfajiri, na vidimbwi vya chumvi vya Katwe huwataka juani kutwa nzima. Mwenye ajira ya mshahara naye hana nafuu kubwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 ilimpa siku 60 za kazi za likizo ya uzazi, na zikiisha, mtoto wa miezi mitatu hivi lazima abaki na mtu.

Serikali haikulisahau jambo hili. Sera ya mwaka 2007 ya watoto wadogo ilivitambua vituo vya kulelea walio chini ya miaka 3, na sera ya mwaka 2016 ikaunganisha afya, lishe, ulinzi na elimu kwa watoto hadi miaka 8. Lakini wasikilize wazazi wanapokisifu kituo: watataja ua, choo, magodoro, uji, na kama watoto wanafundishwa Kiingereza. Novemba 2014, video ilipomwonyesha yaya mmoja wa Kampala akimpiga na kumkanyaga mtoto, nchi nzima ilishtuka, na mwezi uliofuata mahakama ikamfunga yaya huyo miaka 4. Somo walilolipata wengi ni kununua kamera. Kamera humnasa mkatili, lakini haituelezi kwa nini mtoto ambaye hajapigwa hata kofi anakaa kutwa akiutazama ukuta.

Mtoto wa namna hiyo nilimwona katika kituo kimoja wilayani humu, ambacho sitakitaja. Palikuwa na wasichana wawili na watoto kumi na wanne. Msichana aliyedumu zaidi alikuwa na wiki sita kazini. Mwenye kituo alinionyesha mvulana wa mwaka mmoja hivi, akasema huyo ndiye mtoto mzuri kuliko wote, halii kamwe. Jioni mama yake alipofika, mtoto hakunyoosha mikono apakatwe.

Utulivu wa aina hiyo umechunguzwa sana, na uchunguzi wenyewe una mizizi hapa hapa Uganda, jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa shuleni. Mwaka 1954 mtaalamu wa saikolojia, Mary Ainsworth, alifika Kampala na kuanza kuzitembelea familia 26 zenye watoto wachanga 28 katika vijiji vya Buganda. Alizirudia kila baada ya wiki mbili, kwa muda wa miezi 9 hivi, akikaa barazani na kutazama. Aliona jinsi mtoto anavyotambaa mbali na mama, anacheza, anageuka kuhakikisha kwamba mama yupo, kisha anarudi mbio akiingia mgeni. Aliyatoa hayo katika kitabu mwaka 1967.

Baadaye, huko Baltimore, Marekani, alibuni njia ya kumpima mtoto: mama anatoka chumbani kwa dakika chache, kisha anarudi. Kilichotazamwa zaidi ni namna mtoto anavyompokea mama arudipo. Wako waliomgeuzia mama uso, wakaonekana watulivu kabisa, lakini vipimo vya watafiti wengine vilionyesha mioyo yao ikienda mbio.

Asidhani msomaji kwamba nawalaumu akina mama. Vijijini Buganda, Ainsworth aliona watoto wakiwaganda pia baba, nyanya na ndugu, hata wale wasiowalisha. Na miongoni mwa mama zao, waliofaulu zaidi ni wale walioweza kusimulia kwa kina tabia za mtoto: hulia vipi akiwa na njaa, huogopa nini. Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaomwambia mwanamke wa Mpondwe arudi jikoni. Mtoto anaweza kuwa na watu watatu au wanne wa kumtuliza, mradi anawajua, nao wanamjua, na kesho atawakuta. Hilo la kesho ndilo linalokosekana vituoni.

Uingereza sheria inataka kila mtoto wa kituoni awe na mlezi wake maalumu, na mlezi mmoja asiwe na zaidi ya watoto 3 walio chini ya miaka 2. Hesabu hiyo siitarajii Kasese. Lakini wale wasichana wawili wangeweza kugawana watoto saba saba, na saba hao wakawa wao kila siku, kuwalisha, kuwaogesha na kuwabadilisha nepi. Hilo halihitaji fedha. Mama naye angeruhusiwa kukaa na mwanawe kituoni siku mbili tatu za mwanzo, badala ya kumwacha mlangoni akilia na kuambiwa atazoea.

Kinachohitaji fedha ni kumfanya msichana abaki. Nilimwuliza mwenye kituo kwa nini wanaondoka. Akanijibu: "Mwalimu wa nasari nikimlipa kidogo wazazi watalalamika hafundishi vizuri. Yaya nikimlipa kidogo hakuna anayeuliza." Msichana akipata kazi ya hoteli, au hata ya kuuza muda wa maongezi, anaaga Ijumaa, na Jumatatu watoto saba wanamkuta mtu wasiyemjua.

Wanawake hawa hulipa ushuru wa soko. Halmashauri zinapopanga ujenzi wa masoko, husikia zikitaja vibanda, maji na taa. Chumba cha watoto nacho kingeweza kujengwa, lakini ningependa kwanza kuona sehemu ya ushuru huo ikitengwa kwa mshahara wa walezi, na mkaguzi akifika, baada ya kuhesabu vyoo, amwulize kila mlezi ameanza kazi lini na watoto wake ni wepi.