Neno Refu na Mtoto wa Isingiro

Imo katika shule zetu imani moja iliyokwisha kuota mizizi, nayo yasema kwamba mtoto aliyelelewa kwa lugha ya jamii yake huchelewa kusoma Kiswahili kwa sababu lugha ile ya nyumbani humzuia. Imani hiyo husemwa katika vikao vya walimu, hurudiwa na wazazi, na hatimaye mtoto mwenyewe huikubali. Akikwama mbele ya neno refu, huambiwa kuwa kilugha ndicho kilichomfunga ulimi. Makala hii yakusudia kuonyesha kwamba imani hiyo haina mguu wa kusimamia, na kwamba madhara yake ni makubwa kuliko tunavyodhani.

Tuchukue Isingiro, katika Wilaya ya Kyerwa, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe kabla ya wilaya hizo kutengana mwaka 2012. Huku lugha ya nyumbani kwa watu wengi ni Kinyambo, ndugu wa karibu wa Kihaya, na wa Kinyankore kinachosemwa ng'ambo ya Mto Kagera. Mtoto wa huku huanza shule akiwa na lugha kamili kichwani. Huko shuleni hukutana na Kiswahili, ambacho tangu mwaka 1967 ndicho lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi za umma. Kwa hiyo wengi wa watoto hawa ni wasomaji wa lugha ya pili tangu siku yao ya kwanza darasani. Swali letu ni hili: msomaji wa namna hiyo anapokutana na neno lenye sehemu nyingi, hulisomaje?

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Kiswahili ni lugha ya viambishi. Neno moja, *hawatawapikia*, hubeba ukanushi, mtenda, wakati, mtendewa, tendo na shabaha ya tendo. Asiyeweza kuzitenganisha sehemu hizo atalitamka neno, lakini hatalisoma. Hapa ndipo ulipo udhaifu wa namna tunavyofundisha. Tunamfundisha mtoto silabi: *ba, be, bi, bo, bu*. Hatua hiyo ni ya lazima, wala hakuna mwenye akili atakayeipinga. Kosa letu ni kuishia hapo, kana kwamba silabi ndiyo maana.

Litazame neno *walimlimia*. Kwa silabi ni *wa-li-m-li-mi-a*. Kwa mofimu ni *wa-li-m-lim-i-a*. Hesabu ya vipande ni moja, lakini mikato si ile ile. Katika mkato wa kwanza *li* hutokea mara mbili, na mtoto hana njia ya kujua kwamba *li* ya mwanzo ni wakati uliopita na *li* ya pili ni nusu ya mzizi wa kulima. Yatazame pia maneno *atakula* na *atakulea*. Katika neno la kwanza *ku* haimtaji mtu yeyote. Katika la pili *ku* ni wewe unayelelewa. Sauti ni ile ile, kazi ni mbali mbali. Mtoto aliyefundishwa silabi peke yake amepewa matofali bila ramani ya nyumba.

Sasa wapo watakaosema: "Hilo ndilo tatizo la mgeni wa lugha. Mzawa wa Kiswahili huyaona hayo bila kufundishwa, na mwenye lugha nyingine hawezi." Wenye usemi huu hupenda kuutegemeza kwenye utafiti wa nchi za nje. Basi tuutazame utafiti huo kwa haki. Mwaka 1975 Marcus Taft na Kenneth Forster walitoa hoja kwamba msomaji wa Kiingereza hukivua kiambishi cha mwanzo cha neno ili aufikie mzizi. Mwaka 2008 Renita Silva na Harald Clahsen waliwapima wasomaji wazawa wa Kiingereza, pamoja na watu wazima waliojifunza lugha hiyo wakiwa na Kichina, Kijapani au Kijerumani kama lugha ya kwanza. Neno lenye kiambishi lilionyeshwa kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, kisha mzizi wake ukafuata. Wazawa waliutambua mzizi kwa wepesi zaidi kwa sababu ya neno lililotangulia. Wale wa lugha ya pili hawakupata msaada huo kwa vitenzi vya wakati uliopita, na kwa nomino za kunyambuliwa waliupata kwa uchache. Ikasemwa kwamba msomaji wa lugha ya pili hulimeza neno zima, wala halivunji. Lakini mwaka 2011 Kevin Diependaele na wenzake waliwapima wasemaji wa Kihispania na wa Kiholanzi waliojua Kiingereza, wakaona kwamba wasomaji hao huyavunja maneno kwa namna ile ile ya wazawa. Wataalamu wenyewe, basi, hawajakubaliana.

La muhimu zaidi ni kwamba wote hao walipima Kiingereza, lugha yenye viambishi vichache katika kitenzi, na waliwapima watu wa lugha zilizojengwa kwa namna nyingine. Kwa haki gani hukumu iliyotolewa juu ya Mchina mtu mzima asomaye Kiingereza ivishwe mtoto wa Kinyambo asomaye Kiswahili? Kanzu iliyoshonwa kwa kipimo cha mwingine haimkai kila mtu.

Tukisikilize sasa Kinyambo chenyewe. Kiswahili chasema *mtu, watu*. Kinyambo chasema *omuntu, abantu*. Kiswahili chasema *kitu, vitu*. Kinyambo chasema *ekintu, ebintu*. Mkulima wa Kiswahili hulima. Wa Kinyambo *kurima* ndiyo kazi yake. Kulimia ni *kurimira*, kulimwa ni *kurimwa*, kulimisha ni *kurimisa*. Hata kanuni ya irabu ni moja: kama Kiswahili kinavyotofautisha *limia* na *somea*, ndivyo Kinyambo kinavyotofautisha *rimira* na *teekera*, yaani pikia. Zaidi ya hayo, Kinyambo kimehifadhi jambo ambalo Kiswahili kimelipoteza kwa sehemu. Mwanafunzi wa sekondari huuliza kwa nini *pika* huzaa *pikia*, hali *nunua* huzaa *nunulia*. Ile *l* imetoka wapi? Mtoto wa Isingiro analo jibu mdomoni mwake. Kwao kununulia ni *kugurira*, na *r* ya kauli ya kutendea haikudondoka katika *rimira* wala katika *gurira*. *L* ya *nunulia* si mgeni, ni mwenyeji wa zamani aliyebaki katika baadhi ya nyumba.

Hayo si maneno ya kujisifu kwa kabila. Josephat Rugemalira aliuchunguza mnyambuliko wa vitenzi vya Kinyambo katika tasnifu yake ya mwaka 1993, na mwaka 2005 Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ukachapisha sarufi yake ya lugha hiyo. Miongoni mwa sifa za Kinyambo ni kwamba kitenzi chake huweza kubeba watendwa zaidi ya mmoja kwa pamoja, jambo ambalo Kiswahili hakiruhusu. Mama akiwa amewapikia watoto ndizi, mtoto wa Kinyambo husema kwa neno moja *akabibateekera*: *a* ni yeye, *ka* ni wakati uliopita zamani, *bi* ni zile ndizi, *ba* ni wale watoto, kisha mzizi wa kupika, kauli ya kutendea, na irabu ya mwisho. Mtoto anayeyajenga na kuyaelewa maneno ya vipande saba jikoni kwao, twawezaje kusema kwamba *aliwapikia* linamzidi nguvu?

Naam, zipo tofauti, wala si haki kuzificha. Iliyo kubwa ni hiyo *ka*. Kwa Kinyambo *akarima* maana yake ni kwamba alilima zamani. Kwa Kiswahili *akalima* huwa ni tendo lililofuata jingine. Basi mwanafunzi huanza insha yake kwa *akaenda* mahali panapotakiwa *alienda*, na kalamu nyekundu hupita juu yake. Lakini kosa hilo latuambia nini? Latuambia kwamba mwanafunzi amelivunja neno, ameipata *ka*, na ameipa kazi inayofanya nyumbani kwao. Angekuwa analimeza neno zima, asingekosea hivyo. Mwalimu anayejua jambo hili atalimaliza kwa somo moja, kwa kuziweka *ka* mbili ubaoni bega kwa bega. Mwalimu asiyejua atalisahihisha miaka saba.

Ng'ambo ya Mto Kagera, nchini Uganda, iko wilaya nyingine iitwayo Isingiro. Huko, kwa mtaala ulioanza mwaka 2007, madarasa matatu ya kwanza ya shule za msingi yalikusudiwa kufundishwa kwa lugha ya eneo, ambayo huko ni ya jamii ya Kinyankore. Makala hii haidai tuige utaratibu huo. Kiswahili ni lugha ya taifa letu, kimetuunganisha, na mahali pake shuleni si pa kujadiliwa. Twadai jambo dogo zaidi, tena lisilo na gharama: mwalimu aruhusiwe, na ahimizwe, kuiita lugha ya mtoto iwe shahidi wakati wa kulifungua neno la Kiswahili.

Watatupinga kwa hoja mbili. Ya kwanza ni ya umoja: watasema kwamba kuitaja lugha ya jamii darasani ni kufufua ukabila. Wanaosema hivyo wamesahau kwamba Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 yenyewe yataka wananchi wazitumie na kujivunia lugha zao, na yahimiza ziandikiwe kamusi na sarufi. Aidha, hakuna jambo litakalomfanya mtoto akipende Kiswahili kama kugundua kwamba Kiswahili na lugha ya mama yake ni watoto wa tumbo moja. Mkataa kwao ni mtumwa, na mtumwa hajengi taifa.

Hoja ya pili ni ya mwalimu mgeni: atafanyaje aliyetoka Rungwe au Newala, asiyejua Kinyambo? Lakini Kinyakyusa na Kimakonde pia ni lugha za Kibantu, na ramani ya neno lao ni ya ukoo ule ule. Mwalimu huyo na aanze na lugha yake, kisha awaulize watoto wao husemaje. Hapo wanafunzi watamfundisha mwalimu, na heshima haitapungua hata chembe. Kwa mtoto wa Mbulu anayesema Kiiraqw, au wa Monduli anayesema Kimaasai, njia ni nyingine, kwa kuwa lugha hizo si za Kibantu. Mwalimu wake atalazimika kuvifundisha viambishi vya Kiswahili kwa utaratibu zaidi. Hilo nalo lathibitisha hoja yetu: hatuwezi kumfundisha mtoto vizuri bila kujua ameleta nini.

Kwa hiyo hatuna budi kuyafanya haya. Baada ya silabi, mtoto afundishwe kulipasua neno mahali linapojiungia. Vyuo vya ualimu vimfundishe kila mwalimu ulinganisho wa viambishi vya Kiswahili na vya lugha za eneo atakalofanyia kazi. Na wewe mwanafunzi wa sekondari usomaye makala hii, usipite mbele ya neno refu kama apitaye mbele ya mlango uliofungwa. Hata istilahi ya sayansi kama *usanisinuru* hufunguka ukiiona *usanisi* upande mmoja na *nuru* upande wa pili. Kama Kinyambo ni lugha ya kwenu, ufunguo wa vitenzi vya Kiswahili umeushika tangu ulipoanza kusema. Anayekuambia uutupe mlangoni mwa shule ndiye anayekuchelewesha.