Wapangaji kwa Hiari

Jumatatu ya tarehe 13 Mei 2024 tulikuwa watu sita kwenye meza moja, Kinondoni, Dar es Salaam, na tulishindwa kuunganisha kazi zetu. Jana yake nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kaskazini mwa Durban, na intaneti ya Afrika Mashariki ikabaki ya kudondoka tone kwa tone. Kila mmoja wetu alikuwa na msimbo wote ndani ya laptopu yake, pamoja na historia yake tangu faili la kwanza. Mwenzangu aliyerekebisha hesabu za malipo alikaa mkono wangu wa kushoto; ningeweza kumgusa bega. Lakini marekebisho yake yalitakiwa kwanza yavuke bahari, yafike kwenye seva ya kampuni ya Marekani, mtu ayabonyezee kitufe huko, ndipo yarudi kwangu. Tukakaa. Tukatazama duara likizunguka kwenye kioo. Mteja alipiga simu mara nne, na mara zote nne nikamjibu kwamba mtandao unasumbua, naye akaniamini.

Nilimdanganya. Mtandao ulisumbua kweli, ila kazi yake haikukwama kwa sababu hiyo. Ilikwama kwa sababu sisi, watu tunaojiita wataalamu, tulikuwa tumesahau chombo tulichoshika mkononi kinafanya nini.

Chombo hicho ni Git, programu ya kutunza msimbo na historia yake, na habari ya kuzaliwa kwake ingetosha kututia aibu. Kuanzia mwaka 2002 watengenezaji wa Linux walitunza kazi yao kwa programu iitwayo BitKeeper, mali ya kampuni ya Larry McVoy. Waliitumia bure, kwa masharti, na mojawapo lilikuwa kwamba anayeitumia asitengeneze chombo cha kushindana nayo. Wapo waliopiga kelele tangu siku ya kwanza: mnaweka moyo wa programu huru mikononi mwa mtu mmoja anayeweza kuamka na kufunga mlango. Hawakusikilizwa, walionekana wagomvi. Kisha Andrew Tridgell, yule Mwaustralia aliyeanzisha programu ya Samba, akaunganisha kompyuta yake na seva ya BitKeeper, akaandika neno la kuomba msaada, na seva yenyewe ikamwonyesha amri zake. Akaanza kuandika programu yake ya kusoma data ile. McVoy akakasirika, na Aprili 2005 ruhusa ya bure ikaondolewa. Mradi mkubwa kuliko yote ya aina yake duniani ukajikuta nje na virago vyake.

Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alianza kuandika Git tarehe 3 Aprili. Tarehe 7 Git ilikuwa tayari inatunza msimbo wake yenyewe. Juni ya mwaka huohuo toleo la Linux lilitoka likiwa limetunzwa kwa Git, na Julai akamkabidhi Junio Hamano usukani. Angalieni jinsi Git ilivyoundwa: kila nakala ni nakala kamili. Hakuna makao makuu. Mtu wa Eldoret mwenye nakala yake ana kila kitu alichonacho mtu wa Portland, hadi neno la mwisho la mwaka wa kwanza. Unafanya kazi bila intaneti, unaweka kumbukumbu bila intaneti, na unampa mwenzako kwa njia yoyote mnayokubaliana: waya wa ofisini, baruapepe, flashi. Ipo hata amri ya kufunga hazina nzima, yaani msimbo na historia yake, kuwa faili moja unaloweza kumpa dereva wa basi alipeleke Mbeya. Waliokwisha kufukuzwa na mwenye nyumba walijenga nyumba isiyo na mwenye nyumba.

Nasi tukafanya nini? Mwaka 2008 ikafunguliwa GitHub, mahali pazuri pa kuweka hazina hizo, penye kurasa safi na vitufe vya kueleweka. Tukahamia wote. Wala sikatai, ilirahisisha kazi. Kijana asiyejulikana aliweza kutuma marekebisho kwa mradi mkubwa bila kumjua mtu. Lakini tulihamia jinsi watu wanavyohamia mjini, bila kuacha hata jembe kijijini. Mahali pengine pa aina hiyo pakafa: Google Code ikatangaza kufunga Machi 2015. Gitorious ikafungwa mwaka huohuo. Juni 2018 Microsoft ikatangaza kuinunua GitHub kwa hisa za thamani ya dola bilioni 7.5. Niulizeni walinunua nini. Vitufe vile haviwezi kuwa na thamani hiyo. Walinunua sisi tuliokuwa ndani: kazi zetu, mazungumzo yetu, mazoea yetu ya kurudi pale kila asubuhi.

Hapa ndipo pananiuma zaidi, kwa hiyo nitapakalia kidogo. Watu husema, "Si msimbo ninao kwenye laptopu, nitapoteza nini?" Msimbo ndio sehemu ndogo. Kazi ya timu ni maneno. Kwa nini tuliachana na njia ile tukachukua hii. Nani aliona hatari, nani alimjibu, nani alikubali. Tiketi ya mtumiaji wa Bukoba aliyeeleza kwa subira kwamba programu inakataa jina lake kwa sababu lina herufi yenye alama juu. Mapitio ya mstari kwa mstari ambamo kijana mgeni alifundishwa na mkubwa wake. Hayo yote hayamo ndani ya Git. Yamo kwenye hifadhidata ya mwenye nyumba, na ukichukua nakala ya hazina yako unaondoka na vyombo huku akili ya nyumba ikibaki ukutani. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, mshindani wa GitHub, alifuta kwa bahati mbaya data ya seva kuu, na njia za akiba walizozitegemea zikagundulika kuwa hazikufanya kazi. Saa sita hivi za data zilipotea. Hazina za msimbo zilipona. Kilichopotea ni maoni kama 5,000, pamoja na miradi na akaunti zilizoandikishwa katika saa zile. Kampuni ile, kwa heshima yake, ilieleza kila kitu hadharani. Funzo lilikuwa mezani, limefunuliwa. Tukalipita.

Julai 2019 likaja zito zaidi. Watengenezaji wa Iran, Syria na Crimea waliamka wakakuta hazina zao za faragha zimefungwa na GitHub, kwa sababu kampuni ya Marekani hufuata vikwazo vya Marekani. Hawakuwa na kosa lolote zaidi ya mahali walipoishi. Wairani walifunguliwa tena Januari 2021, baada ya GitHub kupata kibali cha serikali yake. Mwaka mmoja na nusu! Nani kati yetu, Bujumbura, Goma au Dodoma, ana hakika kwamba orodha ya vikwazo haitamfikia kamwe? Nguo ya kuazima haisitiri matako, na sisi tumeazima mpaka kanzu ya kuswalia.

Kisha mwenye nyumba akaanza kupekua vyumba. Juni 2021 GitHub ilitangaza Copilot, akili mnemba iliyofunzwa kwa msimbo wa wazi uliowekwa pale na watu waliodhani wanawawekea wenzao. Mwaka uliofuata ikawa inauzwa dola 10 kwa mwezi. Waliokwenda mahakamani Marekani mwezi Novemba 2022 walilalamika kwamba masharti ya leseni zao yamekanyagwa. Mahakama ina njia zake. Mimi nasema tu kwamba mtu aliyepika chakula cha msiba akauziwa sahani yake mwenyewe ana haki ya kupandisha sauti.

Najua majibu yenu. "Ni bure." BitKeeper nayo ilikuwa bure. "Waajiri wanadai kiungo cha GitHub kwenye wasifu." Wanadai, na ni ujinga ambao sisi tunaokaa upande wa pili wa meza ya usaili tunapaswa kuukomesha, kwa sababu vijana wanapoteza usiku kucha wakipaka vile viboksi vya kijani vya GitHub vinavyohesabu kazi za kila siku ili waonekane wana bidii. Lakini wanaonikasirisha zaidi ni walimu. Nimefanya usaili na wahitimu wengi wa hapa nyumbani, na wengi huniambia Git na GitHub ni kitu kimoja. Hawajawahi kuonyeshwa kwamba kompyuta mbili zilizounganishwa kwa waya wa shilingi chache zinaweza kubadilishana kazi bila kumwomba mtu ruhusa. Mradi wa Linux wenyewe hupokea viraka kwa baruapepe hadi leo, na haujalala njaa. Mwalimu anayemwonyesha mwanafunzi kitufe bila kumwonyesha kilicho nyuma ya kitufe amemlea mpangaji.

Na kwetu hapa jambo hili halihitaji mfano wa Iran. Uganda ilizimiwa intaneti Januari 2021, siku za uchaguzi. Tanzania ikazimiwa kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025. Siku zile watu walikuwa na majonzi makubwa kuliko msimbo, nami sitayaweka kwenye mizani moja. Hata hivyo kulikuwa na maduka ya dawa na zahanati zilizotegemea programu zilizoandikwa na vijana wa mitaa ya jirani, na programu hizo zikiharibika matengenezo hayawezi kusubiri intaneti irudi.

Baada ya Mei ile tulitoa kompyuta ya mezani iliyokuwa stoo tangu enzi za ofisi ya zamani, tukaweka Linux na Forgejo, programu huru ya kuendesha makao ya msimbo. Tukaiunganisha kwenye swichi ya mtandao wa ofisi pamoja na betri ya akiba. Ilituchukua siku moja na nusu, na sehemu kubwa ya muda huo tulibishana kuhusu nywila. Tiketi zetu sasa ni mafaili ya kawaida ndani ya hazina, yanasafiri na msimbo. GitHub bado tunaitumia, kama dirisha la kuonyeshea wapita njia.

Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi, saa tatu asubuhi, nachomoa waya wa intaneti na kuuweka kwenye droo yangu hadi adhuhuri. Mara ya kwanza kazi ilisimama, kwa sababu mmoja wetu alikuwa ameacha maelezo yote ya moduli yake kwenye ukurasa wa mbali. Aliyaandika upya, ndani ya hazina, huku amenuna. Mara ya tatu hakuna aliyeuliza waya uko wapi.

Mteja yule bado tunaye. Ukweli wa Jumatatu ile sijapata kumwambia, atausoma hapa.