TUZUNGUMZE MU NYUMBA: Nani Njo Alilipa?



Mtu akikuletea sahani ya chakula nyumbani, neno la kwanza utamwuliza: "Nani njo alikutuma?" Hata kama njaa iko nyingi, hata kama harufu ni tamu. Mtoto akirudi toka masomo na viatu vipya miguuni, mama hatasifu viatu kwanza. Atauliza: "Bilitoka wapi?" Hatuulizi juu tunachukia chakula ao viatu. Tunauliza kwa sababu kitu cha mtu asiyejulikana kinaweza kuleta deni lisilojulikana.

Mwezi huu tuzungumze juu ya habari zinazoingia mu telefone zetu bila mwenyewe kujulikana. Na zaidi sana, zile zinazotetea jambo tunalolipenda sisi wenyewe: uzima wa mtoto aliye bado tumboni. Kanisa linafundisha kwamba uzima ule ni zawadi ya Mungu. Wasomaji wa gazeti hili wanajua hiyo tangu katekismo, sitarudilia. Ulizo langu ni lingine: watu wanaotetea uzima, je, wako na haki ya kuficha ni nani anayewalipia matangazo yao?

Tuangalie kwanza mambo yaliyotokea katika inchi mbili za mbali.

Irlandi, mwaka 2018

Irlandi ni inchi ya Ulaya yenye Wakatoliki wengi. Mapadri na masista wengi waliokuja Afrika walizaliwa kule. Mwaka 1983 raia wake walipiga kura, wakatia katika Katiba yao badiliko la 8, lililolinda uzima wa mtoto tumboni sawasawa na uzima wa mama yake. Tarehe 25 Mei 2018 waliitwa tena kupiga kura: neno lile libaki, ao litoshwe?

Sheria ya Irlandi ilikuwa kali juu ya feza. Kundi lililopokea zawadi ya zaidi ya euro 100 kwa kazi ya siasa lilipaswa kujiandikisha mbele ya tume ya serikali. Mtu mmoja hakuruhusiwa kutoa zaidi ya euro 2,500 kwa mwaka kwa kundi moja. Feza za wageni wanaoishi inje ya inchi zilikatazwa. Redio na televizyo hazikuruhusiwa kupitisha matangazo ya siasa ya kulipiwa. Hata karatasi iliyofungwa ku nguzo ya barabara ilipaswa kuonyesha jina la aliyeichapa na la aliyeitangaza.

Lakini telefone? Sheria ya feza za siasa ni ya mwaka 1997, wakati Facebook haikuwapo bado. Iliangalia feza zinazoingia mu kasha la kundi. Haikumwona mtu wa ngambo ya bahari ambaye hapatii kundi lolote hata senti moja, lakini analipa Facebook yeye mwenyewe na karte ya banki, na piblisite yake inaingia moja kwa moja mu telefone ya kijana wa Dublin. Nguzo ya barabara ilidai jina. Telefone haikudai kitu.

Tena piblisite ya telefone iko na siri ingine. Karatasi ya barabarani inaonwa na kila mtu. Padri, mwalimu, daktari na mwuza mandazi wanaweza kusimama chini yake na kubishana. Lakini Facebook inaweza kuonyesha tangazo moja kwa wamama wa miaka 30 tu, na lingine kwa vijana wa mji fulani tu. Jirani yako haoni kile unachokiona. Kama uongo uko ndani, nani atakuja kukusahihisha?

Kwa hiyo raia wamoja wa kule walianzisha kazi ya kujitolea, wakaiita Transparent Referendum Initiative. Waliomba watu watie programu ndogo mu ordinatere zao, ili kila tangazo la kura linalotokea liandikwe mu orodha moja iliyo wazi kwa wote. Ikaonekana kwamba matangazo mengine yalilipwa toka inje ya inchi, na kati ya wenye kulipa kulikuwa makundi ya Marekani yanayopinga kutosha mimba. Mengine yalitoka ku kurasa zisizosema mwenyewe ni nani.

Tarehe 8 Mei, siku 17 mbele ya kura, Facebook ilisema itakataa matangazo yote ya kura ile yanayotoka inje. Kesho yake Google ilifunga matangazo yote, ya inje na ya ndani pamoja. Makundi yaliyotetea badiliko la 8 yalikasirika sana. Yalisema mlango ulifungwa ili upande wao ushindwe. Malalamiko yao tuyasikilize vizuri: kati yao kulikuwa raia wa Irlandi waliojiandikisha, waliosema majina yao, waliochanga feza zao wenyewe. Na bado walifungiwa pamoja na wale waliojificha. Hilo ni tunda moja la siri, wandugu. Mtu anayejificha nyuma ya jambo jema anawaharibia wale wanaolitetea kwa uso wazi.

Kura ilipohesabiwa, 66.4 kwa mia walitaka badiliko la 8 litoshwe, 33.6 kwa mia walikataa. Je, piblisite njo iligeuza kura? Hatuwezi kusema hivyo. Wengi walioulizwa siku ile walijibu kwamba walijua tangu zamani vile watakavyopiga kura. Lakini sheria haikulazimisha makundi kutangaza yalitumia feza ngapi, na kwa hiyo raia walibaki bila hesabu.

Tusidanganyane kwamba taabu ya feza ilikuwa ya upande mmoja. Mwaka 2016 kundi moja lililotaka kutosha mimba kuruhusiwe, Abortion Rights Campaign, lilirudisha karibu euro 23,000 zilizotoka kwa Open Society Foundations, shirika la tajiri George Soros wa Marekani. Mwaka 2017 tume iliambia Amnesty International ya Irlandi irudishe euro 137,000 toka shirika lile lile. Amnesty ilikataa, ikapeleka neno mbele ya tribinali, na mwaka 2018 uamuzi wa tume ukafutwa, juu tume haikufuata njia nzuri ya kuukata. Mwaona? Kila upande ulinyooshea mwenzake kidole juu ya feza za wageni. Na kila upande ulikuwa na sababu fulani.

Kansas, mwaka 2022

Sasa twende Marekani, mu jimbo la Kansas. Tarehe 2 Agosti 2022 raia walipiga kura juu ya Katiba ya jimbo lao. Kujibu "ndiyo" ilikuwa kusema kwamba Katiba ile haitoi haki ya kutosha mimba. Kujibu "hapana" ilikuwa kuacha mambo vile yalivyokuwa.

Hapa Kanisa lilitoa feza, tena nyingi. Askofu mkuu wa Kansas City, upande wa Kansas, na watu wake walichangia kampeni ya "ndiyo" zaidi ya dola milioni 2 kupitia jimbo lao la Kanisa. Wengine walisifu, wengine walinungunika kwamba feza zile zingesaidia maskini. Lakini jina liliandikwa mu hesabu za serikali. Mkristo wa kule aliweza kufungua karatasi na kumwambia askofu wake: "Baba, naona ulitoa hivi, nifasirie." Hayo ni mazungumzo ya watu wa nyumba moja.

Jambo lingine lilitokea siku moja mbele ya kura. Mesaji ziliingia mu telefone za watu wengi, zaidi wale wa chama cha Democrats. Zilisema kwa maneno mengine kwamba wanamuke wanapoteza haki ya kuchagua, na kwamba kupiga kura ya "ndiyo" kutawapa haki ile. Ilikuwa kinyume kabisa cha kweli! Mesaji moja ilimfikia hata mama Kathleen Sebelius, aliyekuwa gavana wa jimbo lile. Jina la mwenye kulipa halikuwamo. Na tume ya serikali inayosimamia mambo hayo ilijibu kwamba sheria ya Kansas haikulazimisha mesaji za kura ya Katiba kusema nani alizilipia.

Waandishi wa gazeti la Washington Post walifwata nyayo, wakaandika kwamba mesaji zilitoka kwa kundi la siasa linaloongozwa na mbunge wa zamani, mpinzani wa kutosha mimba. Upande wa "hapana" ulishinda na karibu 59 kwa mia. Basi fikiri wewe, mzazi mkristo: watu waliosema wanatetea uzima walitumia uongo kuutetea, wakashindwa, na jina baya likawabakilia hata wale waliotembea nyumba kwa nyumba wakisema kweli na kupokea matusi. Amri ya Mungu inayokataza ushuhuda wa uongo haina mlango wa nyuma kwa ajili ya kazi takatifu.

"Lakini Yesu alisema tutoe kwa siri"

Najua wengine wenu mtaniuliza: "Ndugu mwandishi, Bwana hakutufundisha kwamba mkono wa kushoto usijue kile mkono wa kuume unatoa?" Ni ulizo zuri, na vijana wa kwaya wataliuliza kabisa.

Tutenganishe mambo mawili. Ukimpa mjane kilo mbili za bunga (unga) usiku, usitaje jina lako. Hauombi kitu kwake, na sadaka yako haimlazimishi jirani yeyote. Lakini mtu anayelipa ili sheria ya inchi igeuke, anataka kitu kwa kila raia: anataka wote wafwate sheria ile. Anayetaka kunitawala, anipatie kwanza jina lake. Ile siri ya Injili inalinda maskini asione haya. Siri ya piblisite inamlinda tajiri asiulizwe.

Sisi watu wa madini tunajua hiyo

Jambo hili si geni kwetu. Kijana akipeleka mifuko yake ya madini ku depo, mnunuzi anapima kilo, anapima teneri na mashine yake, kisha anataja bei. Akificha mashine nyuma ya meza, kijana atakubali? Atasema: "Geuza mashine, na mimi nione!" Hata kama mnunuzi ni mkristo, hata kama kila siku ya Mungu anaketi benchi ya mbele.

Na kwa mikataba mikubwa tulidai vilevile. Kwa miaka mingi maaskofu wa CENCO na makundi ya raia waliomba mikataba ya madini isifichwe. Amri ya serikali ya tarehe 20 Mei 2011 ilisema kila mkataba wa mali ya asili utangazwe katika siku 60. Inchi yetu iliingia pia mu ITIE, mpango ambamo kompanyi zinatangaza zililipa nini, na serikali inatangaza ilipokea nini. Tukiambia kompanyi, "Onyesheni nani alilipa nani," tutawezaje kunyamaza wakati feza iliyofichwa inatetea neno letu wenyewe? Kipimo kiwe kimoja, kwa rafiki na kwa mgeni.

Ulaya imeanza kufanya hivyo. Tangu tarehe 10 Oktoba 2025 sheria mpya ya Umoja wa Ulaya inadai kila tangazo la siasa liseme nani alililipia, feza ngapi, na juu ya kura gani. Facebook na Google waliona mzigo ni mzito, wakaacha kabisa kuuza matangazo ya siasa kule. Hata hivyo mesaji inayopita toka mkono hata mkono haijapata mlinzi. Mlinzi wake ni wewe.

Tufanye nini mu nyumba?

Wababa na wamama, kisha chakula cha mangaribi, mwambieni mtoto alete telefone. Chagueni mesaji moja iliyopitishwa mu kundi la WhatsApp la jamaa ao la parokia, juu ya uzima, juu ya kura, juu ya dawa, hata yoyote. Mwulize: Mwenyewe ni nani? Jina lake liko wapi? Nani alilipia picha hii nzuri na sauti hii tamu? Anataka nifanye nini, na kesho nikitaka kumwuliza, nitamkuta wapi? Kama hakuna jibu, msiipitishe kwa wengine, hata kama inasema neno mnalolipenda. Zaidi sana kama inasema neno mnalolipenda, juu pale ndipo macho yetu yanafunga haraka.

Na ninyi vijana mnaotaka kutetea uzima, aksanti kwa moyo wenu. Teteeni kwa jina lenu. Msindikizeni binti aliyepata mimba na kukimbiwa. Mchangieni nepi na sabuni. Semeni na baba yake aliyemfukuza nyumbani. Mkipanga mkutano, andikeni chini ya tangazo: limelipwa na fulani, franka kadhaa. Kama mtu wa mbali anawapa feza na anaomba msitaje jina lake, mwambieni kwa heshima: "Baba, kwanza jina, kisha feza." Akiondoka na feza yake, mumebaki na midomo yenu.

Mungu abariki nyumba zenu. Mpaka mwezi ujao.