Injini Mpya, Mashine ya Zamani



Mashine ya kusaga ni mali kubwa. Ikisimama, akina mama hubeba debe la mahindi kichwani mpaka kijiji cha pili, au hurudia kinu na mchi. Kwa hiyo injini ikifa, kila mtu hutaka injini mpya ifungwe leo na unga upatikane leo. Hapa Visiga, kando ya barabara ya Morogoro, Kibaha na Mlandizi ziko jirani. Mafundi si haba. Kinachopungua ni subira. Mimi nasema: injini mpya isiwashwe mpaka imepimwa na kulinganishwa na mashine.

Sababu ya kwanza ni mwendo. Injini nyingi za zamani zilikwenda polepole. Zile za Lister kutoka Uingereza, za nguvu ya farasi sita, zilizunguka mara 650 kwa dakika. Injini nyingi ndogo za dizeli za siku hizi huzunguka mara 2,000 au zaidi. Sasa tumia hesabu uliyojifunza darasani. Zidisha mizunguko ya injini kwa upana wa puli yake. Gawanya kwa upana wa puli ya mashine. Jibu ni mizunguko ya mashine.

Tuseme puli ya injini ya zamani ina upana wa sentimita 40, na ya mashine sentimita 10. 650 mara 40 ni 26,000. Gawanya kwa 10, unapata 2,600. Puli hiyo hiyo ikihamishiwa kwenye injini ya mizunguko 2,000, mashine itataka kuzunguka mara 8,000! Nyundo za ndani zaweza kukatika na kuruka kama risasi. Puli inayofaa hapo ni ya sentimita 13. Hata mkinunua mota ya umeme, hesabu ni hii hii.

Sababu ya pili ni mstari. Puli mbili lazima zikae sambamba. Zikienda upande, mkanda hupata moto, hulika kingo na kuchomoka. Beringi nazo huchakaa upesi. Kupima si kazi ngumu. Vuta uzi ubavuni mwa puli zote mbili. Kama zina unene sawa, uzi uguse kila puli mahali pawili. Pakiwa na nafasi, sogeza injini. Kaza bolti, kisha pima tena, kwa sababu kukaza huweza kuisogeza injini. Msingi uwe wa saruji iliyokauka vizuri. Usiinue injini kwa vipande vya mbao, mtikisiko huvilegeza. Tumia vipande vya chuma.

Mambo haya hayako kwenye unga tu. Mwenye mashua akibadili injini ya ndani, shafti ya injini lazima ilingane na shafti ya pangaboi. Isipolingana, mashua hutetemeka, beringi huisha, na maji huweza kuingia.

Wako watakaosema: "Foleni ni ndefu, na fundi ataka fedha." Ni kweli. Lakini mkanda mpya, beringi mpya na wiki nzima ya kusimama tena ni gharama kubwa kuliko siku moja ya kupima. Tena iko hasara isiyolipika. Khanga ikinaswa na mkanda, mtu huweza kupoteza mkono au uhai. Mkanda uzungushiwe wavu wa chuma kabla ya kusaga debe la kwanza.

Basi, ninyi wa kamati ya mashine, kabla ya kumlipa fundi mwulizeni: Mashine itazunguka mara ngapi? Uzi umegusa wapi? Wavu uko wapi? Fundi mwema hachukii kuulizwa. Fedha ni zetu, na mikono ni yetu.

Mjadiliane darasani: Pimeni puli za mashine iliyo karibu nanyi, ikiwa imezimwa. Inazunguka mara ngapi kwa dakika?