Waya unapita juu, kijiji kinabaki gizani

KOLWEZI – Kutoka Inga, kwenye mto Kongo, hadi Kolwezi kuna laini ya umeme yenye urefu wa kilomita karibu 1.700. Ilimalizika mwaka 1982, ili kupeleka umeme kwenye migodi ya Katanga. Njiani inapita juu ya vijiji vingi ambako hadi leo mama anapika kwa makala na mtoto anasoma kwa mwanga wa tochi.

Wengine wanasema ni bahati mbaya. Hapana. Laini hiyo ilijengwa kwa namna ambayo umeme wake hauwezi kuchukuliwa njiani bila kituo kikubwa cha kuubadilisha, na kituo hicho ni cha bei kali. Mafundi walitumwa kufikisha umeme mgodini, wakaufikisha. Hakuna aliyewatuma kuangalia kijiji.

Leo tekinolojia imebadilika tena. Ulaya, China na Marekani wanatengeneza magari ya umeme, na betri nyingi za magari hayo zinahitaji kobalti. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, katika Lualaba na Haut-Katanga. Dunia kupunguza moshi ni jambo jema. Lakini katika nchi inayotoa madini hayo, karibu mtu mmoja tu kati ya watano ndiye anayepata umeme. Mchimbaji anayeshuka shimoni kutafuta mawe ya betri anarudi jioni kwenye nyumba isiyo na hata taa.

Kuna wanaojibu kwamba kuwasha umeme vijijini ni kazi ya serikali, si ya kampuni. Ni kweli kwa sehemu. Ila sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 imekwisha kuonyesha feza za wakaaji ziko wapi. Asilimia 15 ya mrabaha wa madini ni ya usultani, sekta au tarafa yenye mgodi. Tena kampuni inapaswa kutoa si chini ya asilimia 0,3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wenyeji. Inaonekana kidogo, lakini kampuni inayouza kwa dola bilioni moja inapaswa kutoa dola milioni tatu kila mwaka. Kuna pia cahier des charges, ambamo kampuni na wenyeji wanaandika pamoja kazi zitakazofanywa.

Shida ni kwamba karatasi hizi ziko kwa Kifaransa, ndani ya ofisi. Mkaaji asiyejua hesabu atashukuru kwa kisima kimoja kana kwamba amepewa zawadi, kumbe ni haki yake.

Kwa hiyo mambo mawili yafanyike. Kwanza, hesabu ya feza hizo ibandikwe kila mwaka kwenye ofisi ya usultani na ya tarafa, kwa Kiswahili, na isomwe mbele ya watu. Pili, umeme uandikwe kati ya madai ya kwanza ya cahier des charges: kwa zahanati, kwa shule, kwa mashine ya kusaga, halafu kwa nyumba. Penye laini ya karibu waya uvutwe. Pasipo na laini, mitambo ya jua ipo.

Wakati wa kujenga laini ya Inga, kijiji hakikupewa nafasi. Safari hii sheria inakipa kiti mezani. Wanaokwenda kukaa hapo kwa jina la wenyeji waulize, kabla ya kutia sahihi: umeme utafika nyumbani mwaka gani?